Mnyama amekuona: usiinue bunduki bado

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kaliua, Tabora, mwaka huu nimeanza kuwinda kwa leseni pamoja na mjomba wangu. Nanyemelea vizuri, nafika karibu, halafu mnyama anainua kichwa na kunikazia macho. Hapo nachanganyikiwa. Mjomba anasema nipige upesi kabla hajakimbia. Kwenye simu nimewaona Wamarekani wanaowinda kulungu wao, wanamlilia kwa mdomo naye anasimama. Nifuate lipi? Na akishakimbia, kesho yake nirudi palepale au nimsahau?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la mjomba, maana ndilo linalojeruhi wanyama wengi katika misitu yetu. Usipige upesi. Mnyama anapoinua kichwa na kukutazama, mara nyingi bado hajajua wewe ni kitu gani. Kuna kitu amekiona kikisogea, au amesikia jani kavu likivunjika, na sasa anatafuta ushahidi wa pili. Kazi yako yote katika dakika hizo ni kumnyima ushahidi huo. Bunduki ikipanda haraka kwenda begani, umempa mwenyewe kwa mkono wako.

Mjomba wako namwelewa. Anaona nafasi inaponyoka, na nyama ya familia inaondoka nayo. Lakini risasi ya haraka kwa mnyama aliyekaza misuli ndiyo inayoishia tumboni au mguuni, kisha jioni nzima mnafuata matone ya damu hadi giza linawakuta. Wakati mwingine mnampata siku ya pili, fisi wamekwisha kumtangulia. Mnyama hastahili hilo, nanyi hamkuomba leseni kwa ajili ya hilo.

Wanyama wenye kwato wana macho yaliyokaa ubavuni mwa kichwa, na mboni yao imelala kwa upana. Ndiyo maana pongo, yule swala mdogo wa vichakani, akila majani anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, isipokuwa sehemu ndogo nyuma yake. Rangi haziwashtui sana, maana nyekundu hawaitofautishi vizuri na kijani. Kinachowashtua ni mwendo. Mtu aliyesimama tuli mbele ya shina la mtundu ni sehemu ya shina, na mtu huyohuyo akijikuna sikio ni mtu.

Kwa hiyo ganda. Namna alivyokukuta, ndivyo ubaki. Ndiyo sababu wafuata nyayo wazuri wa Sikonge na Urambo hawanyanyui mguu kabla mwingine haujabeba uzito wote wa mwili: wakisimamishwa ghafla katikati ya hatua, wanaweza kukaa hivyohivyo bila kuyumba. Jizoeze hilo hata nyumbani, uani. Kijana mwenye nguvu atashangaa jinsi mapaja yanavyotetemeka. Kama mpo wawili au watatu, tembeeni kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake karibu kabisa, ili mbele ya mnyama muonekane umbo moja. Wa mbele akisimama, wote wamesimama. Wa nyuma asichungulie pembeni kuuliza kuna nini. Nimeona windo zuri likiharibiwa na kichwa kimoja kilichochomoza nyuma ya bega la kiongozi.

Msitu wetu una mtihani wake hapa, nao ni mbung'o. Atakuuma shingoni dakika ileile kuro, swala mkubwa wa kando ya maji, anapokutazama. Mwache anywe. Najua inauma kama sindano ya moto, lakini mkono unaopanda kumpiga mbung'o ndio uliowahi kuondoa makundi mengi ya wanyama kuliko mlio wa bunduki. Punguza tatizo kabla ya kutoka nyumbani: usivae nguo ya buluu wala nyeusi. Rangi hizo mbili mbung'o anazifuata, na vitambaa vya mitego ya kumnasa hutengenezwa kwa rangi hizohizo. Kaki iliyopauka au kijani iliyochakaa inatosha, na mikono iwe mirefu.

Macho yako nayo yatulize. Usimkodolee mnyama usoni. Shusha ukingo wa kofia, tazama bega lake au kichaka kilicho karibu naye, pumua kwa pua. Uso wenye jasho unang'aa juani, kwa hiyo ukiwa na kivuli hatua moja kutoka uliposimama, tamani tu, usikiendee. Utakiendea atakapoinamisha kichwa kweli.

Nasema kweli, kwa sababu atakudanganya. Kulungu wa Marekani, yule mwenye mkia mweupe chini, ana sifa ya hila hii: anainamisha kichwa kama anayerudi kula, halafu anakiinua ghafla kukamata kilichosogea. Kuro na swalapala wa kwetu nimewaona wakifanya vilevile. Mwindaji mgeni huinua bunduki kwenye kile kichwa cha kwanza kuinama, na hapo mchezo umekwisha. Subiri. Subiri kuinama kwa pili na kwa tatu. Utajua ametulia kwa mwili wake mzima: mkia unaanza kupepea kufukuza inzi, masikio yanaachana, moja linasikiliza huku na jingine kule, shingo inalegea, anatafuna au anacheua, anajilamba pua. Akiwa bado na shaka, masikio yote mawili yanakuelekea wewe, shingo imesimama kama nguzo, na mguu wa mbele unaweza kupiga chini. Dakika mbili za kusimama hivyo ni ndefu sana, na zipo siku utahitaji kumi.

Sasa hao Wamarekani wa kwenye simu yako. Wanachofanya kina maana, ila mazingira yao ni tofauti na yako. Wengi wao hukaa juu ya kiti au jukwaa dogo lililofungwa kwenye mti, wakimsubiri kulungu apite chini kwenye njia yake. Kulungu yuko kwenye mwendo, hajui kitu, na mwindaji tayari amelenga. Anatoa mlio mfupi kama wa mwanambuzi, kulungu anasimama kusikiliza, na risasi au mshale unakwenda kwa mnyama aliyesimama badala ya anayetembea. Mlio huo haukusudiwi kulungu aliyekwisha kuinua kichwa na kumwona mwindaji. Kwa huyo, wao pia hukaa kimya, kwa kuwa mlio ungekuwa ule ushahidi wa pili niliokutajia.

Kuna jambo jingine kwao linalofaa ulijue. Wengi huwinda kwa upinde. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 80 hadi 90 kwa sekunde, na sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 30, mlio wa kamba unamfikia katika muda usiozidi sehemu ya kumi ya sekunde, na mshale unachukua zaidi ya theluthi ya sekunde. Katika pengo hilo dogo, kulungu aliyekuwa na wasiwasi huchuchumaa ili apate nguvu ya kuruka, na mshale unapita juu ya mgongo wake au unampata mahali pabaya. Aliyekuwa anakula kwa utulivu mara nyingi huchelewa kushtuka, na hachuchumai sana. Ndiyo sababu wawindaji makini wa kule hawampigi aliyekodoa macho, hata kama yuko karibu na amesimama ubavu. Sisi wa bunduki, risasi inafika kabla ya mlio, kwa hiyo hilo la kuchuchumaa halituhusu moja kwa moja. Linalotuhusu ni kwamba mwili uliokaza uko tayari kuondoka, na nusu ya hatua yake wakati kidole chako kinavuta inatosha kuhamisha risasi kutoka moyoni hadi tumboni. Waliokaa porini muda mrefu watakwambia pia kwamba mnyama aliyepigwa akiwa na hofu hukimbia mbali zaidi kuliko aliyepigwa akila, hata kidonda kikiwa kilekile.

Wanyama hawafanani, na hapa ndipo utakapopata faida ukisoma tabia ya kila mmoja.

Pongo ndiye wa karibu zaidi na kulungu wa kwenye video yako kwa tabia. Anaishi peke yake au wawili, kwenye vichaka vya kingo za mto na mabonde, anatoka asubuhi na jioni. Akikushuku anaganda kama wewe, na mnaweza kutazamana hivyo hadi mmoja achoke. Usiwe wewe. Akiamua kuondoka kimya atashusha kichwa na kunyata ndani ya kichaka, na hapo bado hajakutambua sawasawa. Ukikaa bila kusogea anaweza kutokea upande wa pili wa kichaka kuangalia tena. Akibweka kama mbwa na kuinua mkia wenye weupe, basi. Ametangaza. Na nikuonye: pongo dume ni mdogo wa mwili lakini akijeruhiwa hugeuka, na pembe zake fupi zilizochongoka zimeua mbwa na kuumiza watu. Usiingie kwenye kichaka alichoingia akiwa na damu kabla hujasubiri.

Tohe wa mbugani ni kinyume chake. Yeye hulala chini kwenye nyasi ndefu na kukuacha ukaribie hadi umkanyage, kisha anaruka na kupiga mluzi mkali kwa pua, anakimbia kwa kurukaruka, mkia umetanuka mweupe. Mluzi ule unaamsha mbuga nzima. Kama ulikuwa unamnyemelea mwingine, keti chini ya kivuli robo saa, uache mbuga irudi kimya.

Kuro ni mtazamaji. Atasimama na kukuangalia muda mrefu kuliko wengine, na watu wengi humpiga hapohapo kwa sababu anaonekana kama amejitoa. Kumbuka kwamba akikuelekea kifua, sehemu ya kulenga ni nyembamba sana. Ngoja ageuke. Kongoni na nyamera hupenda kupanda juu ya kichuguu kulinda wenzao. Ukimwona mmoja juu, jua kundi liko chini yake na macho yao ni ya pamoja, kwa hiyo usihesabu kichwa kimoja tu. Swalapala ni hivyohivyo: kundi la macho mengi, mmoja akikoroma wote wanaruka ovyo kila upande. Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, humchezei. Akishapata harufu yako ataondoka kwa mwendo wa mchakamchaka, hatakimbia kwa kasi, lakini hatasimama pia, na utamfuata hadi jua lizame.

Nyati sitamweka kwenye jibu hili. Nyati anayekutazama kwa pua iliyoinuliwa ni suala la usalama wako, na kijana wa mwaka wa kwanza asimfuate bila mtu mzoefu na bunduki ya kutosha.

Yote niliyosema yanahusu macho na masikio. Pua ni habari nyingine. Mnyama akikuona, ana shaka. Akikusikia, shaka imeongezeka. Akikunusa, amemaliza, na hakuna kuganda kutakakokuokoa. Beba majivu laini ndani ya kimfuko cha kitambaa chepesi, ukitikise kila baada ya hatua chache uone vumbi linakwenda wapi. Wakati wa kiangazi kwetu Tabora upepo mwingi hutoka mashariki na kusini mashariki, lakini usiutegemee kwa kichwa tu. Alfajiri hewa imetulia, ikiteremka polepole kwenda mabondeni. Kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi jua linapopasha ardhi, upepo unaanza kuzunguka, hasa pembezoni mwa mbuga na kwenye kingo za mto Wala au Ugalla, na unaweza kukugeuka ukiwa katikati ya kutazamana. Ukihisi ubaridi nyuma ya shingo wakati mnyama anakutazama, usijaribu bahati. Usimpige kwa haraka ukidhani unamuwahi. Mwache aende, umemhifadhi kwa siku nyingine bila kumfundisha bunduki.

Sikiliza pia wanaokusema. Mara nyingi mnyama hakukuona wewe, amesikia kanga wakipiga kelele, au kwale akiruka, au nyani akibweka juu ya mti. Shashi, wale ndege wanaokula kupe mgongoni mwa nyati na pofu, wakiruka kwa sauti kali ya kukwaruza, kila kichwa kinainuka. Hapo kosa si mwendo wako kwa mnyama, ni njia uliyopita. Septemba na Oktoba majani ya miyombo yakiwa yamekauka chini, ukitembea katikati ya msitu unasikika mbali. Tembea kwenye sehemu zilizoungua ambako majani mabichi yameanza kuchipua, au kwenye njia za wanyama wenyewe. Huko ndiko wanakokula pia.

Ni lini basi unaruhusiwa kumpiga anayekutazama? Ipo hali moja. Bunduki ilikwisha kuwa juu ya magongo ya kuegemezea kabla hajainua kichwa, amesimama ubavu, na wewe umetulia. Hapo hukuhitaji kusogeza chochote ila kidole. Hata hivyo tumia utazamaji wake kwa mambo mawili. La kwanza, mhakiki kama ni dume au jike. Kuro, pongo, tohe, swalapala na tandala, jike hana pembe, kwa hiyo kichwa kinachokuelekea kinakuonyesha wazi. Pofu, kongoni, nyamera na palahala, jike na dume wote wana pembe. Kwa hao ukubwa wa shingo na unene wa pembe chini ndivyo vya kutazama, na kama huna hakika, hujapata ruhusa. Jike mwenye ndama haguswi. La pili, tazama nyuma yake. Misitu hii ina mizinga ya nyuki kila upande, na warina asali hutembea kimya kuliko sisi. Kama nyuma ya mnyama ni kichaka usichokijua, shusha mtutu.

Na kwa kuwa umetaja simu, najua utakutana na video za watu wanaomulika mnyama kwa tochi usiku, naye anasimama kama amepigwa na butwaa. Kwa kweli anasimama, mwanga unampofusha. Usifanye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza taa, sumu, mitego ya waya na kupiga kutoka kwenye gari, na leseni yako inataja mnyama, eneo na muda wake. Soma eneo hilo kwa makini, kwa sababu wazee wengi bado wanazungumzia Ugalla kama pori la kuwinda. Tangu mwaka 2019 ile ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani yake hakuna kuwinda. Maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jumuiya za vijiji, kama Ipole na Uyumbu, yana taratibu zake. Uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kuvuka mpaka usiouona.

Sasa amekimbia. Usimpige akikimbia, na usimfukuze. Simama palepale, kwa sababu kongoni na palahala mara nyingi hukimbia mita mia kadhaa kisha husimama na kugeuka kutazama nyuma. Akikuona unamfuata, anaendelea. Asipoona kitu, anaweza kushusha kichwa. Wengine watakwambia umpigie mluzi wakati huo ili asimame. Unaweza kufanya kazi kwa anayetembea taratibu, iwapo bunduki yako imekwisha kuegemezwa, lakini kwa aliyeshtuka ni kumwongezea mbio. Subiri nusu saa ukiwa umekaa, kisha zunguka kwa mbali ukiuweka upepo usoni, umfikie kutoka upande asioutarajia.

Kuhusu kurudi kesho: inategemea ulimwamsha nani na kwa nini. Pongo ana eneo dogo na halihami kwa urahisi, kwa hiyo rudi, lakini usipite njia ya jana na usirudi kesho yenyewe. Mpe siku tatu nne, uingie alfajiri kutoka upande wa pili wa kichaka. Kuro dume hushika eneo lake karibu na maji na hawezi kukaa mbali na maji, naye utamkuta tena ndani ya kilomita chache. Swalapala hurudi mapema, hasa kama walikuona tu bila kukunusa. Palahala na kongoni wape wiki. Pofu aliyenusa harufu yako msahau kwa safari hii, fuata kundi jingine. Na ukirudi kwa pongo wako, mwambie mjomba abaki nyuma yako kwenye mstari, wewe ushike kimfuko cha majivu, yeye ashike magongo.